Tulivyoukaa Msiba wa Mama Kule Hopkins

Jumamosi iliyopita tulimzika Bi Arlene, na kabla jeneza halijatolewa kanisani mimi nilikuwa nimeshashuka jikoni, nimefunga aproni, najaza maji kwenye yale mabirika makubwa ya umeme ya kahawa. Vijana waliokuja kusaidia walinitazama. Mmoja wao, mjukuu wake nadhani, aliniuliza kwa adabu sana kama nimetoka kampuni ya chakula. Nilicheka mpaka nikashika meza. Nikamwambia nilimfahamu bibi yake kabla yeye hajazaliwa, na kwamba sukari iko kabati la chini, mkono wa kushoto, sio huko anakotafuta. Akaniomba radhi, akafungua kabati, akaikuta sukari, akanitazama tena. Ningehitaji alasiri nzima kumweleza, na sandwichi zilikuwa zinasubiri kukatwa. Kwa hiyo naandika leo, nikiwa nyumbani kwangu Lakeville, kwa sababu watoto wangu wanaujua mwaka ule kwa vipande vipande, na nikianza kuusimulia wananijibu kwa Kiingereza halafu wanarudi kwenye simu zao.

Nilikuwa mwanafunzi, binti wa miaka ishirini na kitu, nimetoka Machame na koti ambalo muuzaji wa mitumba Moshi aliniapia kuwa ni la baridi kali. Muuzaji yule hakuwa ameiona Minnesota. Nilikaa Hopkins, kimji kidogo kilichobanana ubavuni mwa Minneapolis, kwenye jengo la zamani la matofali ambalo mabomba yake ya joto yaligonga usiku kucha. Nilishirikiana nyumba na Mkenya mmoja tuliyemwita Mama Stacy, aliyekuwa akihudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee na kurudi amechoka hoi. Chumba changu kilikuwa na godoro chini, meza ya kusomea na dirisha linalotazama maegesho ya magari. Jikoni tulipika ugali wa unga wa mahindi wa njano, ambao haukuwahi kushikana vizuri, na sukuma wiki ambayo Mama Stacy aliikata nyembamba sana huku akiwasema wasimamizi wake kazini. Nikiikumbuka nyumba ile leo, kinachonijia kwanza ni harufu ya kitunguu kwenye zulia. Tulikuwa na furaha pale, ingawa hakuna aliyelitaja neno hilo.

Bi Arlene alikaa ghorofa ya chini, mlango unaotazamana na masanduku ya barua. Alikuwa mjane, amevuka miaka sitini, mrefu, mweupe mpaka nyusi, na alivaa viatu vile vile vya kahawia majira yote. Nilimjua kwa kumsikiliza zaidi kuliko kuzungumza naye. Chini kabisa ya jengo kulikuwa na chumba cha mashine za kufulia, na jioni yeye na akina mama wenzake wa kanisa la Kilutheri la pale mtaani, ambao wengine walikaa jengo hilo hilo, walikunja mashuka huku wakiongea. Mimi nilikaa pembeni na daftari langu la kemia, nikijifanya nasoma. Sijawahi kusikia watu wakijadili baridi kwa muda mrefu hivyo bila kurudia jambo. Walitoka kwenye baridi wakaingia kwenye nyonga ya fulani, wakatoka kwenye nyonga wakaingia kwa fulani mwingine aliyeanguka kwenye barafu, na hakuna hata mmoja aliyesema masikini, wala aliyeshika kifua. Mwanzoni niliwaona watu wakavu. Kisha nikaanza kuona kwamba aliyetajwa chumbani mle jioni, kesho yake alikuwa na bakuli la chakula mlangoni pake. Hakuna aliyetoa amri, hakuna kamati, na bado kila mgonjwa wa mtaa ule alikula. Niliwaza sana jambo hilo, kwa sababu nilikuwa nimetoka mahali ambapo msaada huja na kelele.

Mwezi wa kwanza Bi Arlene alitupeleka kuliona ziwa. Aliendesha gari lake taratibu, akaacha barabara, akaingia juu ya maji. Mama Stacy alimshika mkono akamwomba kwa jina la Yesu asituue. Bi Arlene akasema barafu iko sawa mwaka huu, kwa sauti ya mtu anayesema chai iko tayari, akaendelea. Mbele yetu kulikuwa na vibanda vya mbao vimejipanga, moshi unatoka kwenye mabomba yake, watu wamekaa ndani wakivua samaki kupitia matundu, na mzee mmoja alikuwa amefungua mlango wa kibanda chake anakaanga soseji. Nilishuka nikasimama. Chini ya viatu vyangu kulikuwa na ziwa zima, na lilikuwa limenyamaza. Sijui nilisimama kwa muda gani, ila nakumbuka sikuweza kufunga mdomo na meno yakaniuma kwa baridi. Nilijiambia nitamsimulia mama, na kwamba hatakubali.

Sikuwahi kumsimulia. Wiki hiyo hiyo, asubuhi, kaka yangu alipiga simu. Mama alikuwa ameanguka jikoni na hakuamka. Watazika Jumamosi. Nikamwambia nakuja, na kaka akaniambia kwa upole kwamba nisije. Vibali vyangu vilikuwa vinabadilishwa mwezi ule, na nikitoka kabla havijakamilika sitaruhusiwa kurudi, na mama mwenyewe ndiye aliyeuza ng'ombe ili nisome. Aliniambia wao watazika, mimi nisome. Mimi ndiye binti pekee wa mama yangu. Kwetu binti ndiye anayekaa mkekani, watu wakiingia wanamwendea yeye kwanza, wanamshika, wanalia naye, wanalala naye chini mpaka siku za msiba zipite. Sasa mkeka ungetandikwa na mahali pangu pangekuwa wazi. Na huku nilipo hakukuwa na mkeka wala mtu. Hicho ndicho kilichoniogopesha kuliko kifo chenyewe: kwamba mama angezikwa Jumamosi na mimi Jumatatu ningekwenda darasani, na upande wangu wa dunia usingekuwa na msiba kabisa.

Siku ile nilikwenda darasani kweli. Sikuwa na akili ya kufanya kitu kingine. Nikarudi kwa miguu kutoka kituo cha basi, na kwenye korido nikamkuta Bi Arlene anachukua barua zake. Akaniuliza hali. Kwetu ukiulizwa hali unaitikia nzuri kwanza, hata kama nyumba imeungua, halafu ndipo unaeleza. Nikamwitikia hivyo hivyo, kwa Kiingereza.

"Nzuri tu, asante," nikamwambia. "Ila mama yangu amefariki."

Bi Arlene hakusema pole. Hakunikumbatia. Alinitazama usoni, kisha akanitazama kichwani, akasema, "Umetembea bila kofia." Akavua yake, ya sufu, yenye joto la kichwa chake, akanivalisha pale ndani ya korido, akaivuta mpaka ikafunika masikio. Halafu akaniuliza jina la mama yangu. Nikamwambia ni Ndeshi. Akalitamka mara kadhaa taratibu mpaka akalipata, akaingia kwake, akafunga mlango.

Kabla giza halijaingia kulikuwa na bakuli nje ya mlango wetu. Kisha jingine. Yalikuwa yale mabakuli ya kioo ya kuingia kwenye oveni, moto bado, yamefunikwa karatasi ya alumini, na chini ya kila moja kipande cha plasta chenye jina la mwenye bakuli. Nyama ya kusaga na viazi vilivyoogeshwa supu ya uyoga ya kopo. Tambi na kuku. Jeli ya kijani yenye karoti zilizoparuzwa ndani yake, jambo ambalo mpaka leo sijalipatia maelezo. Nilisikia nyayo zikija, nikasikia kioo kikiguswa sakafuni, nikasikia nyayo zikiondoka. Nilikaa nyuma ya mlango nikisubiri mtu mmoja tu agonge. Hakuna aliyegonga. Nilijisikia kama mwenye ugonjwa wa kuambukiza. Mama Stacy aliporudi kutoka kazini akayakuta yamejipanga koridoni, akaingia nayo mikono yote miwili, na nilipomweleza yaliyotokea aliyaweka chini akanishika kwa nguvu, akalia yeye, mimi sikuweza.

"Aika, na hawa watu wako sawa kweli?" aliniambia akifuta macho. "Wanaacha food kwa mlango halafu wanahepa? Ngoja mimi niende nimuulize huyo shosho."

Akateremka kwa Bi Arlene na sare yake ya kazini. Alikaa huko muda mrefu, na aliporudi hasira ilikuwa imemwisha. Alisema Bi Arlene alishtuka sana. Kwao, ukimgongea mfiwa unamlazimisha ainuke, achane nywele, akukaribishe, akutengenezee kahawa. Kumwachia chakula na kuondoka kimya ndiyo heshima yenyewe. Wale akina mama walikuwa wakitembea kwa ncha za vidole ili nisisumbuke, na mimi nyuma ya mlango nilikuwa nikiwasubiri wanisumbue. Nimeishi nchi hii miaka mingi sasa, nimeona watu wengi wakikosana kwa namna hiyo, kila mmoja amebeba wema wake na kuushusha mahali ambapo mwenzake hautafuti.

Kesho yake Bi Arlene alikuja, na aligonga. Hakukaa, alisimama mlangoni na koti lake. Aliuliza mazishi ni lini, nikamwambia Jumamosi. Akasema basi na huku itakuwa Jumamosi, ukumbi wa chini ya kanisa hauna shughuli siku hiyo. Akauliza mama alipenda kula nini. Nikamwambia mtori. Akataka kujua mtori ni nini, nikamweleza ndizi mbichi na nyama zinavyochemshwa pamoja na kupondwa, akasikiliza kila hatua, akauliza kama zinapondwa zikiwa moto. Nilimjibu, na katikati ya kumjibu niliona mkono wa mama umeshika mwiko, nikaisahau hatua inayofuata. Bi Arlene alisubiri mpaka nilipoikumbuka. Habari zikasambaa kwa simu za Mama Stacy. Baba na Mama Doreen, Watanzania wa kitongoji cha Savage, walijua duka la ndizi mjini Minneapolis. Dada Salma, Mtanga wa ghorofa ya tatu, alisema atakuja ingawa ni kanisani, kwa sababu msiba ni msiba.

Jumamosi ile theluji ilianza asubuhi na haikuacha. Nilishuka ngazi za ukumbi nikiwa na kanga ya mama juu ya koti, nikitegemea kukuta watu wachache wa huruma. Ukumbi ulikuwa umejaa. Watanzania na Wakenya walikuwa wamevuka madaraja na theluji kutoka pande zote za Minneapolis na mji pacha wake, wengine sikuwajua kabisa, na wazee wa Hopkins walikuwa wamekaa katikati yao wamevaa suti za kwenda kuzika. Ukutani mtu alikuwa ameandika NDESHI kwa herufi kubwa za karatasi, bila kukosea. Mezani kulikuwa na sandwichi za nyama ya nguruwe, kama desturi yao ya kila msiba, na pembeni trei nzima ya sandwichi za mayai, imetengwa mbali na zile, kwa ajili ya Salma na mumewe. Na sufuria ya mtori. Mtori ule ulikuwa mzito kupita kiasi na una chumvi ya Kizungu, yaani hauna, lakini ulikuwa mtori, na ulipondwa na wanawake ambao asubuhi ya jana yake hawakuwa wameshika ndizi mbichi maishani. Nilisimama mbele ya sufuria ile kama nilivyosimama ziwani. Watu hawa hawakumjua mama. Hawakuwa na sababu yoyote.

Tukaimba. Baba Doreen alianzisha nyimbo za Kilutheri za kwetu, na wenyeji wakazitambua sauti zake, wakafungua vitabu vyao, wakaimba kwa Kiingereza, nyimbo zile zile, kwa lugha mbili, na hakuna aliyepotea. Tukala. Akina mama wa jikoni wakaosha vyombo, wakafuta meza, wakavipanga viti vilivyokuwa vitupu. Kisha wakaja wakakaa kwenye meza iliyo karibu na jiko, mikono mapajani. Na sisi tukakaa. Hapo ndipo mambo yalipokwama, na kwa muda mrefu hakuna aliyejua kwamba yamekwama.

Wenyeji walikuwa wanasubiri tuondoke. Chakula cha msiba kwao kina mwisho wake, watu hunywa kahawa, wanatoa mkono, wanakwenda. Lakini kumwambia mgeni aondoke ni jambo ambalo mtu wa Minnesota hawezi kulifanya hata nyumba ikishika moto. Sisi nasi tulikuwa tunasubiri wao waturuhusu. Huwezi kuinuka msibani ukawaacha wenye msiba wamekaa, utaonekana ulifuata chakula. Kwa hiyo Baba Doreen, akiona kimya kimezidi, alianzisha wimbo mwingine. Akina mama wakaona kumbe ibada haijaisha, wakaleta kahawa. Sisi tukaona kumbe wanataka tuendelee kukaa, maana mwenyeji anayekuongezea kahawa hajakuaga. Tukakaa. Wakaleta keki zilizokatwa vipande vya mraba. Tukaimba tena. Mama Doreen alimnong'oneza mumewe kwamba akina mama wale wamechoka, masikini, lakini tutaanzaje sisi. Upande wa pili nilimsikia Bi Arlene akimwambia mwenzake kwamba pengine mila yao ni ya siku nzima, na kwamba aongeze maji kwenye birika. Bibi mmoja alikuwa amelala amekaa wima. Mwanga wa madirishani ulikuwa unapungua, theluji imefunika vioo nusu, na kahawa, ambayo tangu mwanzo ilikuwa nyepesi, sasa ilikuwa inafanana na chai ya wagonjwa. Leo nikikumbuka nacheka peke yangu. Siku ile sikucheka. Nilikaa katikati yao na kila dakika waliyokaa ilikuwa ya mama yangu, na niliomba kimya kimya wasijue.

Hatimaye Bi Arlene aliinuka, akaja mpaka alipokaa Mama Stacy pembeni yangu, akainama. Aliuliza kwa sauti ya chini, huku akiomba radhi kabla na baada, kwa kawaida wageni huondoka saa ngapi.

"Tunawangojea nyinyi mturuhusu," Mama Stacy alimjibu.

"Sisi?"

"Nyinyi ndio wenye msiba. Mmefungua nyumba, mmepika, mmetupokea mlangoni. Kwetu huyo ndiye mfiwa. Hatuwezi kuwaacha."

Bi Arlene alinyooka. Alitazama meza ya wenzake, wale wanawake waliokaa wima na mikono mapajani, ambao mchana kutwa walikuwa familia ya marehemu bila kujua. Hakwenda kuwaambia. Alifungua aproni yake, akaikunja, akavuta kiti akakaa upande wangu mwingine, bega lake limegusa langu.

"Na wageni wakishaondoka," akamuuliza Mama Stacy, "wenye msiba wanafanya nini?"

"Wanabaki naye. Wanalala naye, chini hivyo hivyo, mpaka aweze kuwa peke yake."

Bi Arlene aliitikia kwa kichwa kama mtu anayeelekezwa njia. Kisha akasimama, na mwanamke huyu ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti, alipaza sauti. Aliwashukuru watu wote kwa kuja kumzika Ndeshi, akawaambia familia imepokea, na barabara ni mbaya, waende salama. Ukumbi mzima ukainuka kwa pamoja. Sijawahi kuona watu wakiruhusiwa kwa furaha namna ile. Lakini kuagana kwetu kunajulikana, na kuagana kwa watu wa Minnesota ni kurefu kuliko kwetu, kwa hiyo tulipochanganya kuagana kwa aina mbili, kwenye ngazi, makoti yakiwa yameshavaliwa, mlango wazi na baridi inaingia, ilipita saa nyingine nzima. Kila mmoja alinishika mkono. Nilishika mikono mpaka yangu ikapoteza hisia, na bado sikuwa nimelia.

Tulirudi nyumbani, Mama Stacy akateremsha godoro lake la kitandani akaliweka ubavuni mwa langu, akaenda kuoga. Nilikaa sakafuni na kanga ya mama. Mabomba yalikuwa yanagonga. Nikasikia nyayo zikija koridoni, zile za viatu vya kahawia, na nikangoja kusikia kioo kikiguswa chini na nyayo zikiondoka. Mlango ukagongwa.

Bi Arlene alikuwa amesimama pale na gauni lake refu la kulalia, koti juu yake, amekumbatia mto. Nyuma yake, kwenye ngazi, walikuwepo wenzake wawili wa chumba cha kufulia, kila mmoja na mto wake, nyuso zimewaiva kwa aibu. Kwa mara ya kwanza hawakuitaja baridi. Bi Arlene aliingia, akavua viatu akaviweka karibu na vyangu, akayatazama magodoro yale mawili sakafuni.

"Aika," akaniuliza, "msiba wa mama unalaliwa upande gani?"

Nikamwonyesha. Akapiga magoti polepole, kwanza moja, kisha jingine, akaweka mto wake, akalala. Ndipo nikalia.